Saa Iliyokataa Mkono wa Kushoto

Method hakununua ile saa ili ajue saa ngapi. Hilo alilijua kwa simu yake, kwa adhana ya msikiti wa Kashaulili, na kwa njaa. Wala hakuinunua ili apime mapigo ya moyo, ingawa ndiyo kazi ya saa yenyewe. Aliinunua kwa sababu ya mkanda wake. Mkanda mpana, mweusi, wa mpira, ukiufunga unafunika kifundo chote cha mkono na hakuna nzi anayepita.

Chini ya mkanda huo alikuwepo Zakia.

Si Zakia mwenyewe, maana Zakia mwenyewe alikwishavuka ziwa na mwenye boti miaka mitatu nyuma, na habari zake hakuna anayezijua. Ni jina lake. Wakati huo Method alikuwa Ikola anatengeneza mashine za boti, na Zakia alikuwa anaanika dagaa pale mchangani, basi mapenzi yakamkolea kijana mpaka akaenda kwa Dulla kinyozi kuchorwa tatuu. Dulla alikuwa na kimashine alichokiunda kwa mota ya redio ya kaseti, na mkono wake ulikuwa mzito. Alimchora moyo mkubwa kama kizibo cha soda, akaujaza wino mweusi ti, na juu yake akaandika ZAKIA kwa herufi ambazo mtu anazisoma akiwa ng'ambo ya barabara. Zakia alipoondoka, Method alirudi kwa Dulla akamwambia, "Kaka, nifutie." Dulla akasema kufuta hajui, anajua kuongeza. Akaongeza wino. Moyo ukageuka ukawa kama figo, na jina likabaki pale pale.

Sasa Method ni fundi pikipiki Mpanda mjini, na amempata Tereza wa Mwamkulu, binti wa Mzee Masele, mhudumu wa afya wa kata, msichana mwenye daftari. Miezi minane wanazungumza. Miezi minane yote Method anafunga bandeji kifundo cha kushoto, anasema bomba la moshi la pikipiki lilimuunguza. Sasa bandeji ya miezi minane mhudumu wa afya anaiangaliaje? Tereza akaanza kusema, "Hebu leo nikioshe hicho kidonda." Kesho yake Method alikuwa dukani kwa Rahim.

Rahim alimwonyesha saa kwa kuivaa yeye mwenyewe. Akaigeuza: tumboni mwa saa kulikuwa na vitaa vya kijani vinavyomulika. "Hivi vinachungulia damu ikipita chini ya ngozi," Rahim akasema. "Ona, mimi sabini na moja. Ukiona vistari viwili tu, ujue haioni kitu."

"Huna wenye mkanda mpana zaidi ya huu?" Method akauliza.

"Mpana zaidi ya huu labda uvae fenibelti ya gari."

Alilipa, akaenda kuivalia chooni. Alipotoka, saa ilikuwa inaonyesha vistari viwili. Method hata hakutazama.

Tereza ndiye aliyetazama, jioni ile ile. "Mbona haisomi?" Method akasema bado inazoea. Siku ya pili akasema ni jua. Siku ya tatu akasema moyo wake uko chini kidogo, ni wa ukoo. Tereza akaandika jambo kwenye daftari lake, na Method hakulala vizuri.

Lakini balaa lenyewe lilitengenezwa na mshenga wake, mjomba Bartolomeo, mtu mwema ambaye mdomo wake hauna breki. Masele alikuwa na jeraha la mkwe. Mume wa binti yake mkubwa alipoletwa shambani kuonyesha nguvu, alipiga jembe mara tatu katika jaruba la mpunga, akaanguka kifudifudi kwenye tope, akarudishwa nyumbani kwa mkokoteni wa ng'ombe. Lile jaruba mpaka leo watu wa Mwamkulu wanaliita Kwa Mkwe. Tangu hapo Masele aliapa: hatapokea mkwe mwingine asiyejua moyo wake umekaaje. Bartolomeo aliposikia hivyo akapiga kifua. "Mzee, kijana wangu anavaa saa inayotangaza moyo wake hadharani! Utausoma mwenyewe. Moyo wa dume la ng'ombe!"

Ndipo Jumamosi moja, saa nne asubuhi, wakakaa barazani kwa Masele: Masele kwenye kigoda, wageni kwenye viti vya plastiki, na pembeni, kwenye mkeka, Bibi Minza, mama yake Masele, anatafuna michembe yake, viazi vitamu vilivyokaushwa, taratibu kama mtu aliyepewa mwaka mzima wa kuimaliza. Mama Tereza alichungulia mlangoni, khanga mdomoni. Yeye na mkwe hawasogeleani, ndiyo heshima. Tereza alikuwa jikoni na moshi wake.

Salamu zikaisha, habari za mvua zikaisha. Masele akakohoa.

"Haya. Hiyo saa."

Method akanyoosha mkono kama mtu anayenyoosha mkono kwa mbwa asiyemjua. Masele akainama. Bartolomeo akainama. Vistari viwili.

"Ndiyo nini hii?"

"Inaanza, mzee," Bartolomeo akasema. "Mashine nzuri zote zinaanza taratibu."

Wakaingoja. Kuku akapita, akarudi. Vistari viwili. Bartolomeo akaitemea mate kidogo, akaifuta kwa shati. Vistari viwili, vinang'aa zaidi.

"Kijana," Masele akasema kwa upole, "unajisikiaje?"

"Mzima kabisa, baba."

"Maana hapa moyo haupo."

"Upo, baba! Nausikia!" Na kweli aliusikia, ulikuwa unampiga mpaka masikioni.

"Ivue niijaribu mimi."

Hapo Method akaifungulia chini ya kiti, mkono wa kulia ukavua saa, na kabla mkanda haujaachia vizuri akakizungushia kifundo kitambaa cha kufutia jasho. "Bomba la moshi liliniunguza," akaeleza, ingawa hakuna aliyeuliza.

Masele akavaa. Sabini na sita. Akatabasamu kidogo, akajitazama upya. Bartolomeo akadai zamu. Mia moja na mbili. "Njaa hiyo," akasema, akaivua haraka. Basi saa ni nzima. Mbovu ni mkwe. Mlangoni Mama Tereza akaguna ndani ya khanga.

"Nileteeni na mimi," Bibi Minza akasema.

Wakamvika. Mikono ya Bibi Minza ilikuwa na chale tangu usichana wake, alipochanjwa kwa wembe na kupakwa masizi ya chungu: mistari myeusi imezunguka vifundo vyote viwili kama bangili, imebanana, haina nafasi ya kupita uzi. Saa ikawaka. Ikafikiri. Vistari viwili.

"Yesu wangu, na mama naye!" Mama Tereza akapiga kelele, akasahau heshima, akatoka mlangoni mguu mmoja.

"Nyamazeni nyie," Bibi Minza akasema. "Kama sina moyo, hii michembe tangu asubuhi anakula nani?"

Bartolomeo akacheka peke yake, akaacha. Bibi Minza hakucheka. Aliitazama saa kama anavyotazama mchele akichagua mawe. Akaisogeza juu, akaipita ile mistari, mpaka katikati ya mkono pasipo na alama. Sitini na nane. Akaishusha kwenye mistari. Vistari. Akaipandisha. Sitini na nane. Akaishusha. Akaigeuza akaona vile vitaa vya kijani, akaviweka kwenye mstari mweusi wa ngozi yake, kisha kwenye ngozi tupu, kisha kwenye mstari tena. Method alitamani mtu apige kelele.

"Kumbe hiki kinakataa," akajisemea bibi. "Hakioni kwenye masizi."

Kisha akainua kichwa, polepole, akatazama kitambaa cha Method.

"Mume wangu," akasema.

"Naam bibi."

"Hebu njoo jikoni kwangu mara moja. Nina mazungumzo na wewe."

"Mama, tuko kwenye mambo," Masele akasema.

"Na mimi niko kwenye mambo. Wewe huyu ni mkwe wako, una mipaka yako. Kwangu mimi ni mtani, ni mume wangu kabla hajawa wa Tereza. Nimshike mkono nisimshike?" Utani wa bibi na mjukuu hauna wa kuupinga. Bibi akanyanyuka, akamshika Method mkono, ule ule wa kitambaa, akamvuta kama anavyovuta ndama aliyegoma.

Jikoni Tereza alikuwa anasonga ugali, jasho linamtoka puani. Akashangaa kuwaona.

"Sema mwenyewe," bibi akamwambia Method, "au nifungue mimi?"

Method akamtazama Tereza. Akatazama mlango, bibi alikuwa amesimama katikati yake. Basi akafungua.

Tereza akasogea. Akasoma kwa sauti, kama anavyosoma majina kliniki. "Za-ki-a." Tonge la ugali likadondoka kutoka kwenye mwiko. "Method. Hili bomba la moshi lilisoma mpaka darasa la ngapi?"

"Tereza, ni zamani. Ikola. Nilikuwa mjinga."

"Na hii figo?"

"Ni moyo."

"Huu moyo? Mimi nimefundishwa moyo. Hii ni figo, tena ina shida."

Bibi Minza akakaa kwenye kinu kilicholazwa. "Usimwue kwanza," akasema. "Unaona mstari huu, wa tatu kutoka juu? Huu nilichanjwa kwa ajili ya mcheza ngoma mmoja wa kule kwetu, miguu yake ilikuwa haigusi chini. Babu yako aliula ugali wa mkono huu miaka arobaini na mitatu. Ila mimi," akamgeukia Method, "nilimwonyesha siku ya kwanza. Sikumwambia ni bomba la moshi."

Method akainama. Tereza akafuta mikono, akachukua saa kwa bibi, akaifunga yeye mwenyewe kwenye mkono wa kulia wa Method, mkono mtupu. Themanini na tisa. Ilisoma bila hata kufikiri.

"Bado unampenda?"

"Hapana."

"Haya." Tereza akaielekeza saa kwake, akasema wazi, "Zakia."

Tisini na saba. Mia moja na tisa. Mia moja na ishirini na moja.

"Umeona?"

"Tereza, ni hofu! Umenishikia mwiko!"

"Mwiko nimeuweka." Kweli alikuwa ameuweka. "Zakia." Mia moja na ishirini na sita.

Nje Masele akaita. Ulikuwa umefika wakati ambao binti anaulizwa mbele ya wazee kama mgeni huyu anamfahamu. Akisema ndiyo, mazungumzo yanaendelea, akisema hapana, wageni wanakunywa maji wanaaga. Tereza akatoka, akapiga magoti penye mkeka. Method alikuja nyuma, mikono yote miwili wazi.

"Tereza, huyu kijana unamfahamu?"

"Ninamfahamu nusu, baba."

Tangu wazee waanze kuuliza swali hilo pale Mwamkulu, jibu hilo halijawahi kutolewa. Bartolomeo akasimama, akakaa.

"Nusu ipi?"

"Ya kulia."

Basi ikabidi ya kushoto ionyeshwe. Masele alisoma jina, akavua kofia, akaivaa tena. Mama Tereza alirudi ndani kabisa, sauti yake ikasikika ikimfokea mtu asiyekuwepo. Tereza akaeleza masharti yake bila kupandisha sauti: hatakataa na hatakubali. Kila Jumapili Method aje, avae saa mkono wa kulia, jina litajwe. Siku jina litakapotajwa na saa isiruke, siku hiyo atamfahamu wote.

"Na kwa kuficha mkono mbele ya wazee," Masele akaongeza, "faini mbuzi."

Method alimleta mbuzi Jumapili ya kwanza, mbuzi jike mweupe mwenye doa jeusi begani, macho ya mkorofi. Saa ikavaliwa, Tereza akatamka. Mia na kumi na nane. Jumapili hiyo Method aliondoka bila kunywa chai, na njia nzima mpaka Kashaulili alijipima mwenyewe, akijitamkia jina kimoyomoyo juu ya pikipiki, na kila mara saa inaruka. Kadiri alivyoogopa isije ikaruka ndivyo ilivyoruka. Akamwambia Bartolomeo, "Mjomba, nimekwisha. Huyu sitamwoa mpaka nife." Bartolomeo akamshauri anywe maziwa mgando mengi kabla ya kipimo. Jumapili ya pili alikunywa lita mbili. Ikasoma mia na kumi na tano, na wakati wa kurudi pikipiki ikasimama njiani mara nne, mwenyewe akikimbilia vichakani.

Bibi Minza aliyaona hayo yote akiwa kwenye mkeka wake. Akamwita.

"Mume wangu, yule mbuzi wako hana jina."

"Mbuzi ana haja ya jina, bibi?"

"Wa kwangu wote wanayo. Huyu anaitwa Zakia."

"Bibi!"

"Na kuanzia leo ukija, wewe ndiye mchungaji wake. Na usije Jumapili tu. Njoo kila ukifunga karakana. Kamba sina."

Mbuzi Zakia alikuwa hana adabu hata chembe. Siku ya kwanza alikula kofia ya Method. Siku ya pili alikula nusu ya barua ya posa aliyoiandika Bartolomeo kwa mkono wake, ile nusu yenye sifa. Siku ya tatu aliingia kwenye majaruba ya mpunga, na watu wa Mwamkulu waliokuwa wanapalilia wakainua migongo kutazama kijana wa mjini, suruali imekunjwa, tope mpaka mapajani, anapita Kwa Mkwe mbio huku anapiga kelele, "Zakia! Zakia, rudi! Zakia, toka kwenye mpunga wa watu, mshenzi wewe!"

"Huyo ndiyo yule Zakia wa mkononi?" mama mmoja akauliza.

"Ndiye. Kumbe ana mkia."

Kila jioni jina likaitwa mara ishirini, thelathini. Zakia kwenye mtama ulioanikwa. Zakia juu ya paa la choo, na hakuna aliyejua kapandaje. Zakia ametafuna daftari la kliniki la Tereza, na Tereza mwenyewe anatoka nje amevaa kiatu kimoja, anafoka, "Zakia! We Zakia!" na Method anakimbia upande wa pili kumzibia njia, wanagongana vichwa, wanakaa chini kwenye vumbi. Siku hiyo Tereza alicheka kwa mara ya kwanza tangu jikoni. Kisha akakumbuka kwamba amekasirika, akanyanyuka.

Hesabu za Jumapili zikaanza kushuka. Mia na tatu. Tisini na nne. Masele akaanza kuziandika kwa mkaa ukutani kama anavyoandika siku za mvua.

Jumapili ya tano walikaa barazani wote. Bartolomeo alikuja na shati jipya. Mama Tereza alikuwa mlangoni na khanga yake. Method akavaa saa mkono wa kulia. Wa kushoto aliuweka gotini, wazi, figo yake na herufi zake, na hakuna tena aliyeutazama. Sabini na tano.

Tereza akapiga magoti mbele yake, akakodolea macho kioo cha saa.

"Zakia," akasema.

Method akageuza shingo haraka. "Amekula nini tena? Viatu vyangu viko wapi?"

Sabini na nne.

Tereza akarudia, safari hii taratibu, kwa sauti laini kabisa, ile ya kumwita mtu mchangani jioni. "Zakia."

"Jamani, si mmtazame basi! Viatu nimeviacha pale kwenye kinu!"

Sabini na tatu.

"Haijaruka," Masele akasema. Akainama mwenyewe kuhakikisha. "Imeshuka, kwa kweli. Imeshuka."

"Ngojeni," Bibi Minza akasema kutoka kwenye mkeka. "Mmepima jina moja. Kipimo cha jina moja ni kipimo gani?" Akameza mchembe wake, hakuwa na haraka. "Mume wangu, nitazame. Tereza."

Ile saa, jamani. Themanini na nane. Mia moja na tano. Mia moja na thelathini na moja, na ikaanza kutetemeka yenyewe mkononi na kulia pii, pii, na kuandika maneno mekundu ya kumwonya mwenye nayo akae chini apumzike, na Method alikuwa amekaa tangu saa nne.

Tereza akafunika kioo kwa kiganja chake. Uso wake alikuwa ameuelekeza chini, ila tabasamu lake lilifika mpaka masikioni.

"Tereza," Masele akauliza, "huyu kijana unamfahamu?"

"Ninamfahamu, baba."

"Nusu?"

"Wote. Na nusu ya kushoto."

Mama Tereza akapiga vigelegele ndani ya khanga, na Bartolomeo akasimama atoe hotuba aliyoiandaa wiki tano. Akapapasa mfuko wa shati jipya. Akapapasa mfuko wa suruali. Akageuka nyuma ya kiti chake, na pale alikuwa amesimama mbuzi mweupe mwenye doa begani, anatafuna taratibu, kona ya karatasi inamning'inia mdomoni.

"Zakia!" wakapiga kelele wote kwa pamoja, na aliyepiga kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Method.